Kutoka Bukavu hadi Kamanyola peke yako: kipimo cha amani kisichoandikwa kwenye mikataba

Tarehe 27 Juni 2025, Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani huko Washington. Tarehe 19 Julai, serikali ya Kinshasa na AFC/M23 wakatia sahihi tamko la kanuni huko Doha. Tarehe 4 Desemba, marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame wakakaa tena mezani Washington. Siku chache baadaye mapigano yakafika Uvira, na watu wakaanza tena kubeba magodoro kichwani.

Ndiyo sababu wakaaji wa Bukavu hawapimi amani kwa hotuba. Kipimo chao kinaweza kuwa rahisi zaidi. Kijana mmoja wa Kadutu, wa kiume au wa kike, afunge begi lake, achukue hema dogo, bidoni ya maji na chakula cha siku mbili. Ashuke peke yake njia ya Nyangezi na Ngomo hadi Kamanyola, alale usiku mmoja juu ya bonde la Ruzizi, atazame mto unavyopita kati ya kuta za mawe, kisha arudi nyumbani. Asilipe mtu yeyote asiye na haki ya kulipwa. Asiulizwe kabila lake. Asishukiwe kuwa mpelelezi kwa sababu tu anatembea bila mzigo wa kuuza.

Siku safari hiyo itakapokuwa jambo la kawaida, lisilostahili hata kuandikwa kwenye gazeti, ndipo itakapowezekana kusema kwamba Kivu ya Kusini ina amani. Leo mtu akiitaja, wenzake watamwuliza kama amechoka kuishi.

Hatari ya mawe na hatari ya watu

Magharibi mwa Marekani, katika majimbo ya Utah na Arizona, safari ya namna hiyo haishangazi mtu. Msafiri hupakia maji na hema ndani ya gari, akaenda peke yake siku nne au tano katika nchi ya jangwa na mawe mekundu, ambako mito imechimba makorongo marefu. Anaegesha gari, anatembea kwa miguu, anapika chakula chake, analala chini ya nyota. Adui zake ni jua, kiu, mguu kuteleza na mafuriko ya ghafla.

Si mchezo. Aprili 2003, Mmarekani Aron Ralston aliingia peke yake katika korongo la Bluejohn, huko Utah. Jiwe kubwa likaubana mkono wake ukutani. Alikaa hapo siku tano, na mwishowe akaukata mkono wake mwenyewe ili apate kutoka akiwa hai. Hakuwa amemwambia mtu anakokwenda. Kisa chake hutajwa hadi leo kama onyo kwa wanaopenda kutembea huko: kabla ya kuondoka, mwambie mtu unapita njia gani na utarudi lini.

Katika Kivu onyo ni kinyume. Mama anayeshuka bondeni na pesa ya kununua mchele au ndakala huambiwa na jirani zake: usitangaze siku yako ya safari, usiseme unapanda gari gani, na pesa usiweke pamoja. Huko jangwani siri inaweza kumwua msafiri. Huku siri ndiyo kinga yake, kwa kuwa anayemtisha zaidi si jiwe wala jua, ni binadamu mwenzake aliyesimama njiani na silaha.

Si lazima kwenda hadi Amerika kuona mfano. Kenya, karibu na Naivasha, kuna hifadhi ya Hell's Gate, nchi kavu yenye kuta ndefu za mawe na korongo jembamba. Ni moja ya hifadhi chache za nchi hiyo ambapo mtu anaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, na raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni. Mwanzoni mwa Septemba 2019 maji ya ghafla yalishuka korongoni humo na kuua watu saba. Wakubwa wa hifadhi walifunga korongo, wakatafuta namna ya kuonya watu mapema. Hivyo ndivyo hatari ya asili inavyoshughulikiwa: inachunguzwa, inawekewa alama, watu wanafundishwa. Hatari ya mtu mwenye bunduki barabarani haina kibao cha kuonya, na anayepaswa kuiondoa mara nyingine ndiye anayekula kwayo.

Nchi iliyo mlangoni

Wengi huko Bukavu huona makorongo kwenye simu na kudhani ni mambo ya ng'ambo. Korongo kubwa liko mlangoni mwao. Ziwa Kivu liko kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Ruzizi inashuka tofauti hiyo ya karibu mita 700 katika safari ya kilomita zipatazo 117, na sehemu kubwa ya mteremko iko mwanzoni, kati ya Bukavu na Kamanyola. Hapo mto hauna nafasi ya kutulia. Unakata mawe, unanguruma chini kabisa ya milima, Kongo upande mmoja na Rwanda upande mwingine.

Mto huu wenyewe ni kijana kwa hesabu ya dunia. Zamani za kale maji ya eneo la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa bonde la Nile. Milima ya moto ya Virunga ikaziba njia, ziwa likajaa, na miaka ipatayo 10,000 iliyopita maji yakapata mlango wa kusini. Kila mtoto wa Bukavu anayepita daraja la Ruzizi anapita juu ya mlango huo. Ni wangapi waliofundishwa hivyo wakiwa wamesimama mahali penyewe?

Nguvu ya mteremko huo ndiyo inayowasha taa. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ilianza kazi mwaka 1989, ikigawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hata katika miaka ambayo viongozi hawakusalimiana, mto uliendelea kuzungusha mashine za nchi tatu.

Msafiri anayeshuka Ngomo huona nchi ikibadilika chini ya miguu yake. Nyangezi kuna ukungu, migomba, mikaratusi na baridi ya asubuhi. Kisha barabara inaning'inia ubavuni mwa mlima, nyembamba, vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, na chini yake kuna mabaki ya malori ambayo hayakufika. Kufika Kamanyola, joto linampokea mtu kama mlango wa tanuri. Kuanzia hapo hadi Luvungi na Sange ni bonde kavu, nchi ya miiba na ng'ombe, kavu kuliko sehemu nyingine za Kivu ya Kusini. Ni nusu siku tu ya safari, na mtu ametoka milima ya baridi hadi ukingo wa nchi inayofanana na jangwa. Watu hulipa maelfu ya dola kwenda kuona mabadiliko kama hayo kwingineko.

Wageni waliielewa thamani ya nchi hii mapema. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakitafuta chanzo cha Nile, na Novemba 1871 Stanley na Livingstone walipiga makasia hadi mdomo wa Ruzizi ili kujua kama mto unaingia ziwani au unatoka. Waliona unaingia. Wenyeji walikuwa wamewaambia Burton na Speke jibu hilohilo miaka 13 kabla. Walijua kwa sababu walitembea kandokando ya mto wao. Leo yupo mwanafunzi wa Bukavu anayeweza kueleza safari ya Stanley kwa tarehe, naye hajawahi kufika Kamanyola.

Bariera, na zaidi ya bariera

Kifungu cha 30 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba kila mtu aliye kwenye ardhi ya taifa ana haki ya kuzunguka humo kwa uhuru, kukaa anapotaka, kutoka na kurudi, kwa kufuata masharti ya sheria. Maneno ni wazi.

Barabarani mambo ni mengine. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu bariera 798 katika Kivu mbili, na 486 kati ya hizo zilikuwa Kivu ya Kusini. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa kabla ya M23 kuingia Bukavu Februari 2025. Kamba, mti mrefu, au jiwe tu na kijana aliyekaa kwenye kiti cha plastiki: hiyo yatosha kuwa ofisi. Wengine wana sare, wengine hawana. Wengine hutoa jetoni, wengine hunyoosha mkono. Serikali, jeshi, waasi, Wazalendo, vikundi vya kijiji: hakuna upande ambao watu wa barabarani wanaweza kusema haujawahi kuwatoza.

Maswali yanafanana. Unatoka wapi? Unaenda kufanya nini? Kadi ya uchaguzi iko wapi? Jina hili ni la wapi? Kisha ile sauti ya chini: "Mama, acha hata ya sukari." Mwenye haraka hulipa. Mwenye hoja hukalishwa chini hadi jua lizame. Mtembezi wa peke yake, asiye na mzigo wala biashara, ndiye ana shida kuliko wote, kwa kuwa jibu lake halieleweki: "Ninaenda kutazama nchi." Vita vimefundisha kila mlinzi wa bariera kwamba anayetazama nchi anaitazama kwa niaba ya adui.

Kuna jambo la aibu zaidi. Kwa miaka mingi, msafiri wa Bukavu aliyetaka kwenda Uvira bila kuogopa Ngomo alivuka kwanza kuingia Rwanda, akapita kwenye lami hadi Bugarama, kisha akavuka tena kuingia Kongo huko Kamanyola. Mkongomani alionyesha karatasi za mpakani mara mbili ili atoke mji mmoja wa Kongo kwenda mji mwingine wa Kongo katika jimbo lilelile. Jambo hilo lilizoeleka mpaka likaitwa njia ya mkato.

Neno "hema"

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia mahema na matembezi wakati huu ni kuwatukana wanaoteseka. Hoja hiyo ina uzito, nayo haipaswi kupitwa haraka.

Katika Kivu, neno "kambi" lina maana mbili: ya wanajeshi na ya wakimbizi. Hema ni turubai ya msaada, iliyotoboka, yenye watu tisa ndani. Februari 2025, makumi ya maelfu ya watu wa bonde la Ruzizi walikimbilia Burundi, wengi wakivuka mto huohuo, na uwanja wa mpira wa Rugombo, huko Cibitoke, ukajaa familia zilizolala chini. Kwa mtoto aliyepita hapo, kulala nje chini ya nyota hakuna uzuri wowote. Kutembea kilomita 40 kwa miguu ni kumbukumbu ya hofu. Watu wa Shabunda na Mwenga wanaotembea siku nyingi msituni na bidhaa mgongoni hawaiti hiyo burudani. Wanaiita kutafuta chakula.

Lakini hapo ndipo hoja yenyewe inapogeuka. Vita havikuchukua nyumba na mifugo tu. Vilichukua pia matembezi, vikayafanya kuwa ukimbizi. Vilichukua hema, vikalifanya kuwa alama ya kupoteza kila kitu. Kizazi kizima kinaijua nchi yake kwa njia za kukimbilia tu: mlima huu ndipo mahali pa kujificha, mto huu ndipo mahali walipozama watu. Kuwarudishia vijana uwezo wa kutembea bila kufukuzwa ni sehemu ya kuponya watu, kama vile kurudisha shule na hospitali.

Tena, njia ya mtembezi na njia ya mama wa soko ni moja. Bariera inayomtoza kijana mwenye hema ndiyo inayomtoza mama mwenye ndizi, mwanamotari mwenye abiria mgonjwa na mwalimu anayefuata mshahara wake mjini. Tofauti ni kwamba mama hana namna, lazima apite. Kijana wa matembezi anaweza kubaki nyumbani, na kwa kuwa anabaki nyumbani, yeye ni kipimo kizuri. Watu huvuka hatari wakisukumwa na njaa, na wakuu wakaita jambo hilo "shughuli zimerudi". Hakuna anayesukumwa na njaa kwenda kutazama korongo. Siku atakapokwenda, itakuwa ni kwa sababu kweli haogopi.

Kahuzi inafundisha nini

Bukavu ilishawahi kuonja jambo hili. Mbuga ya Kahuzi-Biega, yenye lango lake Tshivanga, kilomita zipatazo 30 kutoka mjini, iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Ilikuwa moja ya mahali pa kwanza Afrika ambapo watalii walipelekwa kuona sokwe wakubwa, gorila, waliozoeshwa watu. Mwaka 1980 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1997, vita vilipowaka, ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mlima Kahuzi wenyewe, wenye mita 3,308, unaonekana kutoka vijijini kila asubuhi pasipo ukungu. Walioupanda wengi ni wageni.

Kahuzi inafundisha pia kosa ambalo halipaswi kurudiwa. Ili mbuga iwepo, Batwa walioishi msituni humo walitolewa katika miaka ya 1970, bila ardhi nyingine ya kuaminika. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa. Watu waliojua kila njia ya msitu ndio waliokatazwa kukanyaga njia hizo, na wageni wakauziwa tiketi ya kuzipita. Uhuru wa kutembea ukitengenezwa kwa ajili ya mwenye dola peke yake, huo ni bariera nyingine yenye rangi nzuri.

Kwa hiyo anayeota utalii wa Ruzizi na Kahuzi aanze na wenyeji. Kiongozi wa njia awe mtu wa kijiji cha hapo. Mama wa Kamanyola ndiye auze bugali na samaki. Kiingilio cha Mkongomani kiwe kile ambacho mwanafunzi anaweza kulipa kwa franka, si kwa kuuza simu yake.

Yanayoweza kuanza leo

Hakuna anayemshauri kijana yeyote aende peke yake Ngomo wiki hii. Huo ungekuwa ushauri wa kumpeleka kwenye hatari. Lakini si kila kitu kinangoja Doha.

La kwanza, wale wote wanaoshika barabara, wawe wa serikali au wa AFC/M23, waseme hadharani ni bariera zipi zinazotambuliwa, malipo ni kiasi gani, na risiti inatoka wapi. Orodha hiyo ibandikwe kwenye vituo vya magari na isomwe redioni kwa Kiswahili na kwa Mashi. Kisichokuwa kwenye orodha ni wizi, na kila abiria ajue hivyo. Amri za kuondoa bariera zimetolewa mara nyingi miaka iliyopita, na kamba zikarudi usiku. Orodha iliyo mikononi mwa watu ni ngumu zaidi kurudisha usiku.

La pili, anayetembea kwa miguu asilipe chochote, popote. Hakuna barabara inayoharibiwa na viatu. Sheria hiyo moja ingewapunguzia mzigo maelfu ya wanawake wanaobeba mizigo mgongoni kuingia Bukavu kila alfajiri.

La tatu, shule na vyuo. Panapofikika kwa usalama, mwalimu wa jiografia awatoe wanafunzi darasani. Mlango wa Ruzizi uko ndani ya mji. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichojengwa tangu enzi za Wabelgiji, kiko upande wa Kahuzi, si mbali. Mtoto aliyesimama ukingoni mwa Ruzizi na kuelezwa kwa nini maji yanaelekea kusini hatasahau, na siku moja atauliza kwa nini haruhusiwi kuufuata mto huo hadi Uvira.

La nne, wanaozungumza amani mezani waongeze swali hili kwenye kazi za wasimamizi wao: je, raia asiye na silaha anaweza kutoka Bukavu hadi Kamanyola na kurudi, peke yake, bila kulipa na bila kupigwa? Ijaribiwe kila mwezi, jibu litangazwe. Haihitaji setilaiti wala helikopta. Inahitaji mtu mmoja, viatu vizuri na siku mbili.

Wazee wa Kivu husema "tembea uone". Vijana wa Bukavu wameona mengi bila kutembea, na wametembea mara nyingi bila kupenda. Wanachodai ni kidogo na tayari kimeandikwa katika Katiba: washuke Ngomo kwa hiari yao, walale chini ya anga la bonde la Ruzizi, na wazazi wao huko nyumbani walale pia.